Lita za Kwenda na Kurudi

Shemeji yangu aliianza safari kwa mizani. Tulikuwa Uwanja wa Wilson, Nairobi, mwezi wa Februari, jua likiwa ndio kwanza linachomoza upande wa Embakasi, na mbele yetu ilisimama Cessna 182, ndege ya viti vinne na injini moja. Mimi sikuwa nimewahi kupanda ndege ya ukubwa huo. Mama mdogo naye hakuwahi, lakini harusi ilikuwa Lamu na yeye ndiye khaleti wa bibi harusi, basi hakuwa na habari ya woga. Alikuja na sanduku, mkeka wa zawadi, na gunia zima la viazi kutoka Kinangop.

"Mama mdogo, gunia hili lina kilo hamsini," Shemeji alimwambia kwa upole. "Viazi hivi ni petroli ya zaidi ya saa nzima angani."

Alimwonyesha karatasi. Ndege hairuhusiwi kuondoka ikiwa na zaidi ya kilo 1,338. Yenyewe, ikiwa tupu lakini na oili ndani ya injini, ilikuwa na kilo 830. Matangi yake mawili, moja ndani ya kila bawa, yanatoa lita 333 za petroli inayoweza kutumika, na kwa kuwa lita moja ya petroli ya ndege haifiki robo tatu ya kilo, hizo ni kilo 240. Zinabaki 268 kwa watu na mizigo. Sisi watatu tulipopanda mizani tulikuwa 235. Mama mdogo akaitazama hesabu, akauliza swali ambalo nami nilikuwa nalo mdomoni: kwa nini tusijaze nusu, tukajaza tena Lamu?

Jibu la Shemeji ndilo lililonifungulia safari nzima. Petroli ya ndege ndogo haipatikani kila penye uwanja. Ndege nyingi unazoziona Wilson, zile Caravan za watalii na zile Dash 8 za abiria, zina injini za tabo, nazo hunywa Jet A-1, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa tunayoyajua jikoni. Hayo yako kila mahali, kwa sababu karibu ndege kubwa zote duniani hutumia mafuta ya aina hiyo. Cessna ya Shemeji ina injini ya pistoni, na inataka avgasi, petroli ya aina yake, ambayo huagizwa kwa kiasi kidogo, huuzwa ghali, na huwekwa kwenye viwanja vichache. Leo ipo, kesho meli imechelewa. "Mimi sinunui petroli kwa matumaini," alisema. "Nikienda Manda, uwanja wa Lamu, naondoka na lita za kwenda na lita za kurudi."

Uhaba huo umebadilisha hata ndege zenyewe. Mashirika ya kimisheni na ya misaada, ambayo kwa miaka mingi yalizunguka Afrika kwa Cessna 206 za pistoni, yamekuwa yakihamia ndege za tabo. Kodiak, iliyobuniwa Idaho, Marekani, na kupata cheti mwaka 2007, ilifikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wa namna hiyo: ndege ya kutua kwenye nyasi na mawe, lakini yenye kunywa Jet A-1. Ndege moja mpya ya tabo inagharimu fedha ambazo mtu binafsi kama Shemeji hazioti, hivyo wenye Cessna kuukuu wanaendelea kupiga simu kuuliza kama avgasi imefika.

Nusu ya viazi ilibaki Nairobi.

Boza lilipofika, kijana wa mafuta hakugusa tangi kwanza. Alichukua waya wenye kibanio, akauunganisha na chuma cha ndege, ili umeme tuli usije ukarusha cheche kati ya nozeli na mdomo wa tangi. Kisha alimwonyesha Shemeji kibandiko chekundu ubavuni mwa boza, kilichoandikwa Avgas 100LL, na Shemeji akakisoma kwa sauti. Boza jingine lililopita nyuma yetu lilikuwa na kibandiko cheusi. Hilo ni la Jet A-1.

Nilisimama nikawatazama wakifanya jambo hili kwa uzito wa watu wanaosoma hati ya nyumba, na wana haki. Ukitia Jet A-1 katika tangi la injini ya pistoni, injini haikatai pale pale. Itawaka kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, itakutembeza hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, pengine itakuinua. Mafuta mchanganyiko yakiufikia moto wa silinda kwa nguvu zote, badala ya kuungua kwa mpangilio yanalipuka kwa kishindo, joto linapanda, pistoni zinatoboka. Hapo uko juu ya mapaa ya watu. Ndiyo maana nozeli ya Jet A-1 imetengenezwa na mdomo mpana uliobapa ambao hauingii katika tundu dogo la tangi la avgasi, na ndiyo maana avgasi hutiwa rangi. Hii ya 100LL ni ya buluu. Zamani kulikuwa na nyekundu, na kuna ya kijani. Jet A-1 haina rangi, au ina umanjano hafifu wa majani makavu.

Matangi yalipojaa, tulingoja kidogo petroli itulie. Shemeji akatoa kikombe cha plastiki angavu chenye kijiti katikati, akakisukuma chini ya bawa la kushoto. Petroli ikaingia. Akaniita nikione.

Kilikuwa kimiminika cha buluu nyepesi, safi kabisa, chenye harufu kali ya petroli inayopanda hadi kwenye paji la uso. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na tone lisilo na rangi. Alipokiinamisha kikombe, tone lile lilibingirika lote kwa pamoja kama ushanga, halikuchanganyika na chochote. Maji. Tangi lilikaa usiku kucha likiwa limejaa nusu, na nusu ile nyingine ilikuwa hewa. Hewa ya usiku wa Nairobi ikapoa, unyevu wake ukashika kuta za tangi, ukateremka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Kwa sababu hiyo marubani wenye nidhamu hupenda kujaza matangi jioni, wasiiachie hewa nafasi, isipokuwa pale uzito wa safari ya kesho unapokataa. Shemeji alikimwaga kikombe ndani ya chombo cha taka, akachota tena, na tena, mpaka ushanga usionekane. Kisha chini ya bawa la kulia. Kisha chini ya injini, mahali ambapo petroli yote hupitia.

"Hatari haiko kwenye kikombe chenye tone," aliniambia. "Hatari iko kwenye kikombe kinachoonekana safi kote." Maana kikombe kikijaa maji matupu hakina mpaka wa kuonyesha, utakiona kimetakata na utaridhika. Kwa hiyo hukiinua mbele ya kitu cheupe, yeye alitumia mlango wa ndege, atafute ile buluu. Buluu isipoonekana, hakuna safari. Wengine hudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgasi hukauka na kutoweka, mafuta ya Jet A-1 huacha duara la mafuta.

Alipomaliza, alipitisha kidole kwenye kibomba chembamba chini ya bawa la kushoto. Tangi linapotoa petroli lazima livute hewa, na hewa huingia kwa pale. Huku kwetu nyigu wa udongo hupenda sana vitundu vya namna hiyo. Ndege ikiegeshwa siku chache, wanajenga. Kibomba kikizibwa, petroli inaweza kuwa tele na bado isishuke.

Jambo hilo lilinikumbusha Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza urubani hapa Nairobi, wakati kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilipokuwa ikiruka kutoka mji huu. Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi katika ndege ya Vega Gull iliyosheheni matangi ya ziada. Baada ya zaidi ya saa 20 injini ilizima, akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikazama katika matope, naye akatoka na jeraha la kichwa. Petroli haikuwa imekwisha. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Watu humsifu kwa ujasiri, na anastahili. Lakini mimi, nikiwa nimesimama chini ya bawa lile, niliona kwa mara ya kwanza jinsi bahari nzima inavyoweza kuvukwa na kisha safari ikakatwa na tundu la upana wa kalamu.

Oili ilikuwa kazi ya Mzee, fundi aliyeitunza injini hii kwa miaka, ambaye hata Shemeji humwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza neno. Alifungua mlango mdogo juu ya pua, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena. Injini hii hubeba kwoti 12, karibu lita 11 na robo, lakini Mzee huiacha kwenye 10. Akijaza zaidi, injini yenyewe huitema ziada kupitia bomba la kupumulia na kulipaka tumbo la ndege.

Nilimuuliza kama oili ya gari isingefaa. Akanijibu kwa subira ya mwalimu. Oili za gari huwa na dawa za kusafisha zenye madini. Zikiungua ndani ya injini ya ndege, ambayo hupozwa kwa upepo na hufanya kazi kwa joto kubwa, huacha majivu. Majivu yakiganda juu ya pistoni huwa makaa yanayowaka, na makaa hayo huiwasha petroli kabla ya plagi kufanya hivyo. Ndipo injini inaponoki. Oili ya ndege ya daraja la W100, ambayo ndiyo aipendayo, husafisha bila kuacha majivu. Uchafu hubaki ukielea ndani yake mpaka oili imwagwe. Kwa injini mpya au iliyofunguliwa hutumia kwanza oili tupu ya madini isiyo na dawa, ili ringi zikae vizuri kwenye silinda, na matumizi ya oili yakishatulia ndipo huhamia W100. Kuna pia oili za 15W-50 zinazofaa kwa wenye kuwasha kwenye baridi na kutua kwenye joto. Mzee haamini mtu abadilishe aina ya oili kwa kufuata tangazo.

Ila kilichomuudhi hasa ni ndege kukaa. Hii ilikuwa haijaruka kwa wiki kadhaa. Injini ikikaa, oili huteremka kutoka kwenye vyuma vya juu, na unyevu ulioachwa na moto wa safari iliyopita hugeuka asidi, ukaanza kuila kemshafti. Kuiwasha na kuiacha ingurume chini kwa dakika kumi hakusaidii. Huongeza maji bila kuyachemsha. Dawa ni kuirusha mpaka oili ifike nyuzi 80 na kitu za Selsiasi na ikae hapo, maji yageuke mvuke yatoke. "Injini hizi haziuawi na kazi," alisema. "Zinauawa na kuegeshwa."

Alinisimulia pia, akijua natoka Pwani, kwamba oili ya ndege za kwanza ilikuwa mafuta ya nyonyo. Ni kweli. Injini za wakati ule, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na propela, zilipitisha petroli na oili katika tumbo moja, na mafuta ya nyonyo yalifaa kwa sababu hayayeyuki kirahisi katika petroli. Ndege za Sopwith ambazo Waingereza walizileta mwaka 1915 kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, zilikuwa na injini za aina hiyo. Mbarika, mti wa nyonyo, inayoota nyuma ya nyumba zetu bila kupandwa na mtu ilikuwa na undugu na vita vile.

Tuliondoka. Wilson iko juu ya futi 5,500, na hewa ya huko ni nyepesi. Kabureta ikiachwa imwage petroli kama ya usawa wa bahari, mchanganyiko unazidi uzito, plagi zinashika masizi na nguvu inapungua pale unapoihitaji. Kwa hiyo kabla ya kuachia breki Shemeji aliusukuma mkono wa gesi hadi mwisho, kisha akaivuta taratibu kinobu nyekundu ya kupunguza petroli. Niliisikia injini ikibadilika. Sauti iliyokuwa na ukwaruzo ikanyooka. Ndipo tukakimbia. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ikapita chini yetu, na Mama mdogo akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Tulipanda futi 9,500, tukavuka vilima vya Machakos, halafu uwanda mrefu wa Yatta, halafu nyika isiyo na mwisho ya kaskazini mwa Tsavo Mashariki. Shemeji aliivuta tena kinobu nyekundu, huku jicho likiwa kwenye kipimo cha joto la moshi. Joto lilipanda, likafika kilele, likaanza kushuka. Akairudisha kidogo upande wa petroli nyingi, akaiacha. Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyotenganisha lita 50 kwa saa na lita 60 na zaidi. Kila nusu saa alitazama saa yake na kuandika kwenye karatasi: dakika, lita zilizotumika kwa hesabu, lita zilizobaki. Hakuziamini geji za matangi. Aliniambia kuwa katika ndege nyingi za umri huu geji hucheza, na kuwa saa ya mkononi na kijiti cha kupimia havijawahi kumsaliti.

Upepo wa kaskazi ulitukabili kidogo, kwa hiyo ilikuwa imepita zaidi ya saa moja na nusu tulipouona mto Tana, ukijikunja kahawia katikati ya kijani, juu kidogo ya Garsen. Tulianza kuteremka. Hewa ya pwani ikaingia kwa matundu ya juu, nzito, yenye chumvi. Hapo Shemeji akavuta kinobu nyingine, injini ikapoteza kasi kidogo, ikakohoa mara moja, ikatulia. Moyo wangu ulishtuka. Akanieleza bila kugeuka: petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na katika hewa yenye unyevu barafu inaweza kuganda humo hata nje kukiwa na joto la Lamu. Kinobu ile hupitisha hewa ya moto. Kikohozi kilikuwa barafu ikiyeyuka na kupita. Barafu, juu ya Witu, mwezi wa Februari.

Jambo moja lilinisumbua njiani na linanisumbua hadi leo. Buluu ile niliyoiinamia kuiona ina risasi. Kila lita ya 100LL yaweza kubeba hadi gramu 0.56 za risasi, iliyotiwa kuzuia mlipuko wa mapema katika injini zenye mgandamizo mkubwa. Ni kemikali ile ile ambayo uwezo wake wa kuzuia kunoki uligunduliwa mwaka 1921 katika maabara ya General Motors. Magari yetu yaliachana nayo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya risasi mwishoni mwa 2005, na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapo hapo Nairobi, Gigiri, lilitangaza kuwa hakuna tena nchi yoyote duniani inayowauzia wenye magari petroli hiyo, baada ya Algeria kuwa ya mwisho. Mwendo wa nusu saa kutoka Gigiri, bado boza linaijaza katika mabawa.

Sababu ya marubani naielewa: injini ikinoki angani hakuna pa kuegesha. Lakini risasi haina kiwango salama katika damu ya mtoto. Katika kaunti ya Santa Clara, California, utafiti uliotolewa mwaka 2021 uliona watoto wanaoishi karibu na uwanja wa Reid-Hillview wakiwa na risasi nyingi zaidi mwilini, na kuanzia Januari 2022 kaunti ikasitisha kuuza 100LL katika viwanja vyake. Mwaka huo huo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliidhinisha petroli ya okteni 100 isiyo na risasi, G100UL, kwa ndege za pistoni, na Marekani imejiwekea lengo la kuiondoa risasi kabla ya 2030 kwisha. Ulaya kuna UL91 kwa injini zisizo na makuu, na kuna injini za dizeli za ndege, kama zile za Diamond, zinazokunywa Jet A-1 bila taabu. Wilson imezungukwa na nyumba, shule na barabara ya Lang'ata. Ningependa damu ya watoto wa pale ipimwe, na petroli mpya itakapoanza kusafirishwa isiachwe iwe ya nchi tajiri peke yake.

Manda tulitua kwa upole. Mama mdogo akashuka na nusu gunia lake, mabaharia wakamwita kwa jina kutoka gatini kabla hajafika. Shemeji hakwenda popote. Alipanda kwenye bawa na kijiti chake, akazamisha, akasoma, akaandika: lita 220 na ushei. Kurudi kulihitaji kama 125, maana ndege ingepanda kutoka usawa wa bahari, ingawa upepo ungetusukuma. Ziada ilitosha kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kisha akapima oili. Ilikuwa imeshuka kwa kiasi kisichofika nusu kwoti, nayo akaiandika.

Tuliporudi Nairobi saa 50 za oili zilikuwa zimetimia, na Mzee alinikaribisha nishuhudie akiibadilisha. Oili iliyoingia ikiwa na rangi ya asali ilitoka nyeusi, na sehemu kubwa ya weusi ule, alisema, ni masizi na risasi kutoka kwenye petroli. Akaikata filta kwa kisu cha mviringo, akaikunjua karatasi yake yenye mikunjo juu ya gazeti, akaikamua, akaipitia kwa kidole na sumaku, mkunjo kwa mkunjo, akitafuta vumbi la chuma. Alikuta chembe chache za kaboni zilizovunjika kwa kubanwa na ukucha. Akafunga filta mpya, akaifunga na waya wa usalama isije ikalegea, na katika kitabu cha injini akaandika tarehe, saa za injini, aina ya oili, na maneno mawili: hakuna chuma.